Vitobo

Ilianza Jumanne, baada ya uji.
Barke alikuwa na mwaka na miezi mitano,
keshajua kutembea kutoka ukumbini hadi dakani
na kurudi, akijipigia makofi mwenyewe.
Siku ile alisimama, akayumba, akakaa.
Nikamwinua. Akakaa tena.
Nilipomtazama usoni, macho yake hayakuwa na kituo:
juu, kando, chini, kando, juu,
hayana mpango, hayana zamu,
nzi wawili waliofunikiwa glasi.

Mimi ni mshona kofia. Kazi yangu ni vitobo.
Nayajua matundu madogo kuliko punje ya mtama,
najua kuyazungushia uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe
hata pale mchana wa Langoni
unapoingia chumbani kwa upenyo tu.
Miaka kumi na tisa jicho langu limenitii.
Likiambiwa kaa, linakaa.
Sikuwahi kulishukuru.

Mama mkwe akasema mato
(yeye husema mato, hasemi macho),
mato ya mwana hayatezi bure.
Akaleta kombe la zafarani kwenye sahani nyeupe,
tukamnywesha. Sikukataa.
Jirani akapitisha neno dirishani: kijicho.
Cha nani, nikauliza, na sisi tuna nini?
Tuna cherehani iliyokufa na punda anayechechemea.

Usiku mikono yake ilishtuka-shtuka,
na hata alipolala, chini ya kope
niliona vilima viwili vidogo vikihama.
Mchana akinitafuta anakuta ukuta,
anakuta taa, anakuta sikio langu,
kama mgeni wa mji huu
anayeupita mara tatu mlango anaoutafuta.
Nikaacha kumwita kwa uso.
Nikamwita kwa sauti, kwa harufu ya wanga na uzi,
kwa kidevu changu juu ya utosi wake.

Daktari Kadzo hakujifanya.
Alimtazama kitambo, akasema:
sijapata kuuona, nimeusoma tu.
Akaandika jina lake kwenye karatasi,
refu, herufi zimemwagika kama shanga za uzi uliokatika.
Mombasa walimpiga picha ya tumbo.
Nikapandisha sauti: mtoto anaumwa macho!
Mzee wa mashine akanijibu taratibu,
macho yanasema tu, baba. Hayaumwi.

Na kweli. Nyuma, karibu na figo,
palikuwa na uvimbe kama kungumanga.
Askari wa mwili walitoka kuupiga,
wakakosea nyumba,
wakavunja mlango wa ubongo.
Nilicheka niliposikia. Mke wangu Zena hakucheka.
Nilicheka kwa sababu mtaa wetu nao uko hivyo,
milango yote inafanana.

Uvimbe ulitolewa. Nilidhani basi.
Hakuna aliyeniambia kwamba askari
hawasikii upesi kuwa vita vimekwisha.
Dawa zikamvimbisha mashavu, zikampa hasira za mtu mzima;
alimuuma Zena begani mpaka damu.
Kila homa ikipita mtaani
naziba mlango kwa mgongo wangu,
maana homa ikimgusa, yale yanarudi.

Jana nilikuwa kwenye ukingo wa kofia
ya bwana mmoja wa Pate, mwenye haraka ya harusi.
Ishirini na sita, ishirini na saba,
nikahisi natazamwa.
Kaketi mkekani, kashika kibonge cha uzi,
na macho yake yametua.
Kwangu.
Nikahesabu, safari hii si vitobo:
moja, mbili, tatu,
nne,

tano. Yakaponyoka,
yakaenda kwenye taa, kwenye paka, kwenye dari.

Sikumbuki tena nilikuwa nimefika wapi.
Bwana wa Pate atangoja.
Nimefumua ukingo mzima,
nimeweka sindano kwenye kitobo cha kwanza.